Kutenga na kuchunguza faji za bakteria wa vinundu vya maharage: mwongozo kamili kwa maabara ndogo za Kigoma

Bakteriofaji, au faji kwa kifupi, ni virusi vinavyoambukiza bakteria pekee. Mwingereza Frederick Twort aliandika juu ya athari zake mwaka 1915, na miaka miwili baadaye Félix d'Hérelle, akiwa Taasisi ya Pasteur jijini Paris, akazipa jina tunalolitumia hadi leo. Mbinu ya msingi ya kuzipata haijabadilika sana tangu wakati huo: bakteria huoteshwa kama utando juu ya agari (jeli ya kuoteshea vijidudu), kimiminika kilichochujwa hudondoshewa juu yake, na mahali ambapo faji imeua bakteria huonekana kitobo kwa macho bila darubini yoyote. Ndiyo maana kazi hii inafaa kwa chuo au shule ya sekondari yenye maabara ya kawaida, na haihitaji kusubiri mashine za gharama kubwa.

Mwongozo huu unashughulikia kundi moja tu, yaani faji za rizobia, bakteria wa udongo wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi ya maharage na kuigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Nimewachagua kwa sababu maharage yanalimwa karibu kila kona ya Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko, na kwa sababu rizobia hawamletei binadamu ugonjwa, hivyo mwanafunzi anaweza kuwaotesha bila hofu kubwa. Wapo wanaopendelea kuanza na basila wa udongo (jenasi ya Bacillus) kwa kuwa wanakua haraka. Kwa maoni yangu huo si uamuzi mzuri pale ambapo hakuna njia ya kutambua spishi kwa uhakika, kwani bakteria wa kimeta ni wa jenasi hiyohiyo na hukaa udongoni kwa miaka mingi.

Jambo moja lieleweke mapema. Faji zinazotafutwa hapa humshambulia msaidizi wa mkulima. Hazitengwi ili zimwagwe shambani, bali ili ijulikane ni aina zipi za rizobia zinazohimili faji za udongo fulani, jambo ambalo mtu anayetengeneza au kusambaza chanjo ya mbegu, yaani rizobia wanaopakwa kwenye mbegu, anapaswa kulijua kabla ya kushangaa kwa nini chanjo iliyofanya vizuri mahali pengine haikuleta vinundu hapa. Kwa hiyo mabaki yote ya kazi hii huuawa kwa joto kabla ya kutupwa.

Vifaa na media

Vinavyohitajika ni sahani za petri, tyubu za kioo zenye vifuniko, pipeti za mikrolita, chujio za sirinji zenye matundu ya mikromita 0.22, kibatari cha spiriti, jokofu, kipimo cha pH, na chombo cha kutakasia kwa mvuke. Sentrifuji inarahisisha kazi, ingawa hatua nyingi zinaweza kufanyika bila hiyo. Inkubeta ya nyuzi 28 ni nzuri kuwa nayo, lakini Kigoma mjini, kando ya ziwa, sanduku lililofunikwa vizuri ndani ya chumba hukaa karibu na joto hilo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwenye miinuko ya Kasulu na Buhigwe usiku ni wa baridi, na bakteria watachelewa kukua usipowapatia joto.

Kama hakuna otoklevu, sufuria ya presha inatosha. Media, yaani chakula cha kuoteshea bakteria, hutakaswa kwa nyuzi 121 kwa dakika 15, na joto hilo hufikiwa kwa presha ya pauni 15 kwa inchi ya mraba. Kumbuka kwamba kipimo cha presha husoma tofauti kati ya ndani ya chombo na hewa ya nje. Kwenye mwinuko hewa ya nje ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kipimo kikionyesha 15 joto la ndani huwa chini kidogo ya lile linalotarajiwa. Ongeza dakika kumi na usihangaike zaidi.

Unahitaji media mbili. Ya kwanza ni ya manitoli na hamira, inayotumika kumtenga mwenyeji, yaani bakteria ambaye faji humshambulia: katika lita moja ya maji yaliyokenekwa weka manitoli gramu 10, fosfeti ya potasiamu aina ya K₂HPO₄ gramu 0.5, salfeti ya magnesi yenye maji gramu 0.2, chumvi ya kawaida gramu 0.1, dondoo ya hamira gramu 0.5 na agari gramu 15, kisha rekebisha pH iwe 6.8. Ukiongeza mililita 10 za rangi ya Kongo nyekundu ya asilimia 0.25, utaweza kuwatofautisha rizobia na wageni wengi, kwa kuwa rizobia hawainyonyi rangi hiyo kwa wingi na hubaki weupe au waridi hafifu.

Media ya pili huitwa TY, nayo ndiyo ya kazi ya faji: triptoni gramu 5 na dondoo ya hamira gramu 3 kwa lita, na baada ya kutakaswa na kupoa huongezwa mililita 6 za myeyusho wa kloridi ya kalsiamu wa mola 1 uliotakaswa pembeni. Wengi hujaribu kutafuta faji kwenye media ileile ya manitoli, wakakosa vitobo au wakapata vitobo visivyosomeka. Sababu ni kwamba rizobia wakipata manitoli hutengeneza ute mwingi, na ute huo huizuia faji kufika kwenye ukuta wa bakteria na pia huufanya utando uteleze. Kwenye TY ute ni mchache, na kalsiamu iliyomo husaidia faji nyingi kushikamana na mwenyeji. Tayarisha TY ya namna tatu: ya maji isiyo na agari, ngumu yenye agari gramu 15 kwa lita, na laini yenye agari gramu 6 kwa lita.

Mwisho kuna bafa ya kuhifadhia faji. Katika lita moja weka chumvi gramu 5.8, salfeti ya magnesi yenye maji gramu 2, na mililita 50 za bafa ya Tris ya mola 1 yenye pH 7.5. Igawe katika chupa ndogondogo kabla ya kuitakasa, maana chupa moja kubwa ikiingiwa na faji utalazimika kuimwaga yote.

Kuchukua sampuli shambani

Wakati mzuri ni pale maharage yanapoanza kutoa maua, takriban wiki tano hadi sita baada ya kupanda, katika msimu wowote wa maharage. Omba ruhusa ya mwenye shamba, na kama utazunguka mashamba mengi pita kwanza kwa mtendaji wa kijiji. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia.

Usiung'oe mmea kwa kuvuta shina, kwani vinundu vitabaki ardhini. Chimba kuuzunguka kwa umbali wa kama sentimita 15, uinue pamoja na bonge la udongo wake, kisha ulivunje bonge taratibu kwa vidole. Pasua kinundu kimoja kwa kucha: kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani kinafanya kazi, na kikiwa cha kijani au kahawia kimezeeka. Weka mizizi yenye vinundu kumi hadi ishirini katika mfuko mmoja, na gramu 50 hivi za udongo ulioshikamana na mizizi katika mfuko mwingine. Udongo wa juu kabisa uliochomwa na jua hauna faida kubwa, kwa kuwa miali ya jua huharibu faji. Chukua ule wa kina cha sentimita 5 hadi 15.

Andika papo hapo tarehe, kijiji, viwianishi vya GPS kutoka kwenye simu, aina ya maharage, mazao yaliyochanganywa nayo, na kama mkulima aliwahi kutumia chanjo au mbolea ya naitrojeni. Sampuli zisafiri katika kasha la barafu, la aina ileile wanayotumia wauza migebuka wa Kibirizi, lakini zisigande. Udongo unaweza kukaa kwenye jokofu kwa nyuzi 4 kwa wiki kadhaa ukiwa na unyevu wake. Ukikaushwa juani unapoteza faji nyingi.

Kumpata mwenyeji

Hatua hii ndiyo inayoamua mafanikio ya kazi nzima. Faji karibu zote huchagua, na nyingi huua aina chache tu ndani ya spishi moja. Udongo unaweza kuwa na mamilioni ya chembe za virusi katika kila gramu, lakini ukiwa na mwenyeji asiyefaa utaona utando mzima usio na kitobo na utadhani udongo hauna kitu. Kwa hiyo tenga mwenyeji kutoka shamba lilelile unalotafuta faji, na kama unaweza tafuta pia aina inayojulikana, kwa mfano Rhizobium tropici CIAT 899 inayotumika sana katika utafiti wa maharage, ili uwe na kipimo cha kulinganishia.

Osha vinundu kwa maji, vikate vikiwa na kipande kidogo cha mzizi ili usivishike moja kwa moja, kisha vitumbukize katika alkoholi ya asilimia 70 kwa nusu dakika. Vihamishie kwenye jiki yenye asilimia 3 ya hipokloriti ya sodiamu kwa dakika tatu, halafu visuuze mara sita katika maji yaliyotakaswa. Tone la maji ya suuzo la mwisho lipake kwenye sahani yake peke yake. Sahani hiyo ikiota kitu, usafishaji wa nje haukukamilika, na koloni zote za siku hiyo zitiliwe shaka. Ponda kila kinundu katika tone la maji kwa kijiti cha kioo kilichopitishwa motoni, kisha chora mistari kwenye agari ya manitoli yenye rangi ya Kongo.

Rizobia wa maharage ni wa kundi linalokua haraka, nao huonekana baada ya siku tatu hadi tano kwa nyuzi 28. Koloni zao ni za duara, zimeinuka, zinang'aa na zina ute. Chagua koloni moja iliyosimama peke yake, ichore tena, na urudie mpaka sahani nzima iwe na umbo moja. Ukizipaka rangi ya Gramu utaona fito fupi za Gramu hasi.

Mwonekano hautoshi, kwa sababu agrobakteria (ndugu wa karibu wa rizobia) na wengine wanaoishi ndani ya vinundu hufanana nao sana. Uthibitisho wa kuaminika ambao hauhitaji DNA ni kumrudisha bakteria kwenye mmea: otesha mbegu za maharage zilizosafishwa kwa jiki katika mchanga uliotakaswa, zinyweshe myeyusho wa virutubisho usio na naitrojeni, wape baadhi ya miche bakteria wako na mingine usiipe, kisha ing'oe baada ya wiki nne. Vinundu vionekane kwenye kundi la kwanza tu. Kundi la pili likitoa vinundu, mchanga au maji yako yalikuwa na rizobia tangu mwanzo, na jaribio lirudiwe.

Mwenyeji aliyethibitishwa ahifadhiwe kwenye gliserini ya asilimia 20 katika friza, na nakala nyingine kwenye agari ya mteremko ndani ya jokofu. Kabla ya kuendelea, chuja kimiminika cha mwenyeji mwenyewe na ukidondoshee kwenye utando wake na wa aina nyingine ulizonazo. Bakteria wengi hubeba faji iliyojificha ndani ya kromosomu yao, na usipolijua hilo sasa utakuja kuitangaza faji ya mwenyeji wako kuwa imetoka udongoni.

Kuitoa faji kwenye udongo

Zipo njia mbili, na inafaa kuzifanya zote kwa sampuli ileile.

Njia ya moja kwa moja ni kuchanganya gramu 10 za udongo na mililita 30 za bafa, kutikisa kwa saa moja hadi mbili, kuacha mchanga utulie, kisha kuzungusha kimiminika kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 5,000 × g kwa dakika 15. Bila sentrifuji, kiache kwenye jokofu usiku kucha, kesho yake ukichukue cha juu bila kukitibua. Udongo mwekundu wa mfinyanzi huziba chujio za sirinji ndani ya muda mfupi, na chujio hizo si za bei rahisi, kwa hiyo pitisha kwanza kwenye karatasi ya chujio ya kawaida mara mbili ndipo utumie ile ya mikromita 0.22. Usishawishike kutumia ya 0.45 peke yake kwa kuwa inapitisha haraka, maana baadhi ya bakteria wadogo wa udongoni huipita.

Njia ya kurutubisha inafaa pale faji ni chache. Changanya gramu 10 za udongo, mililita 50 za TY ya maji na mililita 5 za mwenyeji aliye katikati ya kukua, yaani aliyeoteshwa usiku, akazimuliwa mara hamsini kwenye TY mpya na kuachwa mpaka kimiminika kiwe na ukungu wa kiwango cha McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu wa bakteria kwenye kimiminika). Tikisa kwa nyuzi 28 kwa siku moja hadi mbili, kisha zungusha na uchuje kama ilivyoelezwa. Hasara ya njia hii ni kwamba faji inayozaana haraka huzimeza nyingine zote, na mara nyingi faji zote utakazotoa kwenye chupa moja ni ndugu wa karibu. Anayetaka kueleza utofauti wa faji za shamba fulani asitegemee kurutubisha pekee.

Baadhi ya vitabu hushauri kutumia klorofomu badala ya kuchuja. Inafaa, lakini kuna faji zenye mafuta katika gamba lao ambazo hufa kwa klorofomu, na dawa hiyo huyeyusha sahani na tyubu za polistairini. Ukiitumia, tumia chombo cha kioo, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali.

Matone, tabaka mbili na kuhesabu

Yeyusha TY laini, iache ipoe hadi nyuzi 45 hadi 48 kwenye beseni la maji ya moto lenye kipimajoto, na uigawe mililita 4 kwa kila tyubu. Ikiwa ya moto zaidi ya hapo utaua mwenyeji. Ikipoa chini ya nyuzi 42 hivi itaganda kwa mabonge. Ongeza mikrolita 200 za mwenyeji, changanya bila kutengeneza mapovu, mimina juu ya TY ngumu na uitikise sahani kidogo isambae. Baada ya dakika 15 dondosha mikrolita 5 za kila kimiminika kilichochujwa katika mahali palipowekwa alama chini ya sahani, na tone moja la bafa tupu kama kipimo cha kulinganishia. Matone yakikauka geuza sahani na uiache kwa nyuzi 28 kwa saa 24 hadi 48.

Duara wazi mahali pa tone ni dalili njema, lakini bado si ushahidi. Rizobia hutoa sumu za kuuana wenyewe kwa wenyewe, na udongo una kemikali nyingi zinazoweza kuacha alama kama hiyo. Njia ya kutofautisha ni kuzimua kimiminika kilichochujwa mara kumi kumi na kudondosha kila mzimuo. Sumu hufifia hatua kwa hatua: duara wazi, duara lenye ukungu, halafu hakuna kitu. Faji hugawanyika: duara wazi, kisha vitobo vilivyobanana, kisha vitobo vitano au sita vinavyohesabika, kila kimoja kikiwa wazi kama cha kwanza. Ukiuona mpangilio huo wa pili, una faji.

Ili kuhesabu, tayarisha tyubu nane zenye bafa mikrolita 900, hamisha mikrolita 100 kutoka moja hadi nyingine ukibadilisha ncha ya pipeti kila mara, na uchanganye mikrolita 100 za kila mzimuo na mikrolita 200 za mwenyeji. Viache dakika 15 hadi 20 faji ishikamane, ndipo uongeze agari laini na kumimina. Hesabu sahani yenye vitobo kati ya 30 na 300 pekee. Tuseme mzimuo wa 10⁻⁶ umetoa vitobo 87 kutoka mililita 0.1: gawanya 87 kwa 0.1, kisha kwa 10⁻⁶, upate 8.7 × 10⁸ kwa mililita.

Kusafisha na kutengeneza akiba

Gusa katikati ya kitobo kilicho mbali na vingine kwa ncha ya pipeti, itikise ndani ya mikrolita 100 za bafa, zimua na umimine upya. Rudia angalau mara tatu, hata kama mara ya pili vitobo vyote vilionekana sawa. Pale vinapotokea vya ukubwa au uwazi tofauti, fuata kila aina kwa mstari wake na uipe namba yake tangu siku hiyo.

Kwa akiba, chagua mzimuo unaoacha sahani ikiwa karibu kuisha bakteria, pamebaki wavu mwembamba tu kati ya vitobo. Sahani iliyolika kabisa hutoa faji chache kuliko hiyo, kwa kuwa bakteria walikufa kabla hazijazaana vya kutosha. Mimina bafa mililita 5 juu ya kila moja ya sahani tano za namna hiyo, ziache kwenye jokofu usiku, kusanya kimiminika, zungusha, chuja na upime kiwango. Akiba ya 10⁹ kwa mililita au zaidi inatosha kwa majaribio yote yanayofuata. Ihifadhi gizani kwa nyuzi 4.

Wakati wote huo, meza ya mwenyeji na meza ya faji ziwe mbili, na siku zote anza na mwenyeji. Faji ikiingia kwenye akiba ya bakteria mwenyeji kazi husimama kwa wiki nzima. Meza ifutwe kwa jiki iliyozimuliwa. Alkoholi peke yake haiui faji nyingi kwa uhakika.

Kuichunguza faji uliyoipata

Anza na kitobo chenyewe. Pima kipenyo cha vitobo ishirini kwa rula, uandike kama viko wazi au vina ukungu. Kitobo wazi kwa kawaida ni cha faji inayoua tu. Ukungu katikati mara nyingi huonyesha kwamba baadhi ya bakteria wameihifadhi faji ndani yao na sasa wana kinga dhidi yake. Chukua bakteria wa katikati ya kitobo hicho, watakase kwa kuchora mistari mara mbili, kisha uone kama faji ileile inawashindwa na kama kimiminika chao kilichochujwa kina faji. Duara hafifu linalozunguka kitobo na kuendelea kupanuka siku ya tatu linaashiria kimeng'enya kinachoyeyusha ute wa bakteria. Kwa rizobia, wenye ute mwingi, jambo hili ni la kawaida na linastahili picha.

Kinachofuata ni upana wa wenyeji. Kusanya rizobia kutoka mashamba tofauti, ongeza CIAT 899 na agrobakteria mmoja au wawili, kisha dondoshea kila utando akiba yako iliyozimuliwa. Usitumie akiba nzito peke yake, kwa kuwa faji nyingi zikimshambulia bakteria mmoja kwa pamoja zinaweza kumpasua kutoka nje bila kuzaana ndani yake. Palipo na vitobo halisi, pima kiwango kwenye mwenyeji mpya na ukigawanye kwa kiwango cha mwenyeji wa asili. Uwiano wa 0.9 na uwiano wa 0.0001 vyote vitaonekana kama alama ya kujumlisha kwenye jedwali la matone, ilhali maana zake kwa mtengeneza chanjo ni tofauti kabisa.

Mkunjo wa ukuaji wa hatua moja, uliobuniwa na Ellis na Delbrück mwaka 1939, ndio unaoeleza faji hukaa muda gani ndani ya bakteria na hutoka na watoto wangapi. Changanya mililita 0.9 za mwenyeji wa 10⁸ kwa mililita na mililita 0.1 za faji ya 2 × 10⁷, ili pawe na faji mbili kwa kila bakteria mia. Baada ya dakika 15 zungusha, mwaga kimiminika chenye faji zilizobaki nje, rudisha bakteria katika mililita 1 ya TY na uzimue mara mia ndani ya TY yenye joto la nyuzi 28. Kuanzia hapo chukua sampuli kila dakika 15 na umimine mara moja. Rizobia hawana haraka ya bakteria wa tumboni, kwa hiyo panga kukaa maabara saa nne, na mweke mwenzako wa kupokezana naye. Kila mara chukua pia sampuli ya pili uliyoitia klorofomu, ambayo itakuonyesha faji zilizo huru, ikiwa faji yako inaihimili dawa hiyo.

Tuseme mwanzoni jumla ni 20,000 kwa mililita na zilizo huru ni 2,000, basi bakteria walioambukizwa ni 18,000. Baada ya mkunjo kupanda na kutulia hesabu ikawa 1,460,000. Ondoa zile 2,000, gawanya kwa 18,000, na kila bakteria ametoa faji 81. Dakika ambazo hesabu ilikaa tambarare kabla ya kupanda ndizo muda wa kujificha.

Uthabiti hupimwa kwa kuweka faji saa moja katika nyuzi 4, 28, 37, 45, 55 na 65, kisha katika bafa za pH 3 hadi 10, na kuhesabu zilizobaki. Mwanafunzi wa Kigoma akawie zaidi kati ya pH 4.5 na 6, akipima kila nusu, kwa sababu udongo mwekundu wa miinuko iliyooshwa na mvua nyingi huwa na tindikali, na tabia ya faji katika eneo hilo dogo ndiyo inayohusu shamba. Matokeo ya pH 10 hujaza jedwali tu.

Kwa DNA, anza kwa kuondoa ile ya bakteria iliyo nje ya faji kwa vimeng'enya vya DNase I na RNase A, dakika 30 kwa nyuzi 37. Izime DNase I kwa EDTA, fungua magamba ya faji kwa proteinase K na sabuni ya SDS kwa nyuzi 56 kwa saa moja, kisha safisha DNA kwa seti ya maabara ya kusafishia DNA au kwa fenoli na uigandishe kwa alkoholi. Ikikatwa kwa EcoRI au HindIII, vimeng'enya vinavyokata DNA mahali maalumu, na kupitishwa kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 0.8, mpangilio wa mistari utakuonyesha kama faji zako kumi ni kumi kweli au ni mbili zilizojirudia. Kimeng'enya kikishindwa kukata usidhani mara moja kwamba DNA ni chafu, kwa kuwa faji nyingi hubadilisha besi zao ili zisikatwe na bakteria. Jaribu vingine viwili.

Darubini ya elektroni na usomaji wa jenomu vitafanyika mbali na Kigoma. Faji nyingi zenye mkia huvumilia safari ya siku chache kwa basi au treni bila barafu, kwa hiyo tuma akiba ya zaidi ya 10⁹ katika tyubu iliyozibwa kwa parafilmu, ukiambatanisha barua inayoeleza kilichomo. Picha itakupa umbo: mkia unaosinyaa na kusukuma ni wa miovirasi, mkia mrefu unaopinda ni wa sifovirasi, mkia mfupi ni wa podovirasi. Maneno hayo sasa yaeleze umbo pekee, kwa sababu kamati ya kimataifa ya uainishaji wa virusi ilizifuta familia zilizokuwa na majina hayo mwaka 2022, na faji zote za aina hiyo zikabaki katika ngeli ya Caudoviricetes. Ripoti inayoandika leo kwamba faji ni ya familia ya Siphoviridae itarudishwa na mhakiki.

Jenomu ikishasomwa, programu ya Pharokka itatambua jeni zake bila malipo kwenye kompyuta ya kawaida, na BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano, itaonyesha ndugu zake waliomo GenBank, hifadhi ya umma ya mifuatano ya DNA. Tafuta kwanza jeni ya integrasi, kimeng'enya kinachoiingiza DNA ya faji kwenye kromosomu ya bakteria. Ikiwepo, faji ina uwezo wa kujificha ndani ya mwenyeji, na ule ukungu uliouandika siku ya kwanza unapata maelezo yake. Kabla ya kupeleka mfuatano GenBank, weka nakala ya faji na ya mwenyeji wake kwenye gliserini katika friza mbili zilizo kwenye majengo tofauti, zote zikiwa na namba ileile ya daftari, kijiji na tarehe. Faji iliyohifadhiwa bila mwenyeji wake haitaoteshwa tena na mtu mwingine.